Niliitikia kwa Jina Lako

Ngokolo, Shinyanga

Mwanangu mpenzi Doto,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, kwa sababu utakapoifungua karatasi hii nitakuwa mbali nawe. Hujambo? Kwa sasa najua hujambo, nakusikia ukijigeuza kitandani upande wa pili wa ukuta. Nakuuliza hujambo ya huko chuoni, ya siku utakayoisoma. Umefika salama? Umepata pa kulala? Sisi hapa hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama yako amesinzia kwenye kiti na kanga yako mapajani. Ukimwuliza atasema alikuwa anaikunja.

Habari za sanduku la bati na kufuli lake, za dawa ya malaria, za kutokula vya njiani na za vijana wa chuoni, mama yako amekwisha kukuambia, akarudia, akakufuata hadi bafuni akazisema tena mlangoni. Sitaongeza. Mimi nataka tuzungumze habari ya Kijacho.

Najua hapo umeshtuka. Neno hilo halijatamkwa mbele yangu tangu tulipotoka machimboni Rwamgasa, na mimi ndiye niliyelinyamazia, na nyumba nzima ikanifuata. Ila kesho unaondoka kwenda kusomea ualimu, tena ualimu wa Kiingereza, na mimi sina mwingine wa kumwuliza. Katika dunia hii Kijacho walikijua watu wawili.

Unaikumbuka siku kilipoanza? Mlikuwa kidato cha pili, wewe na pacha wako Kulwa. Nilikuwa karakana napiga randa mbao za kabati, mkaingia mbio na sare zenu mkakaa juu ya maranda, nikawagombeza kwa sababu ya sare. Mwalimu wenu alikuwa amewaambia kwamba lugha huzeeka na kuzaa nyingine, na kwamba Mwingereza wa zamani akifufuka leo hataelewana na mjukuu wake. Kulwa hakuweza kutulia.

"Baba, kumbe Kiingereza hakijamaliza kuzaliwa! Sasa kwa nini tuhangaike na hiki cha leo? Sisi tunajifunza cha mbele. Watu wakifika huko watatukuta tumekaa tunawasubiri."

Mama yako akauliza kutoka uani, "Na mtihani nao utakuwa wa mbele?"

"Mama, cha leo tutajibia mtihani. Kijacho tutazungumzia."

Akachukua randa mkononi mwangu, akaipitisha kwenye ubao, akaokota lile ganda jembamba la mbao lililotoka akaliinua kwenye mwanga. Akasema lugha ni kama ubao huu, na kila mdomo unaopita ni randa. Unakwangua kidogo tu, mwenyewe huoni, lakini midomo ikipita mingi neno linabaki jembamba hivi. Basi mkaanza kuyakwangua maneno ya Kiingereza, moja moja. Maji yakawa "wo". Ndiyo ikawa "yee". Mlikuwa mnabishana hadi chakula kinapoa. Wewe ulikuwa mkali zaidi, ulikuwa unasema, "Hapana Kulwa, hilo umelikata kama mtu aliyechoka. Likate kama mtu anayelipenda."

Nilikuuliza ni nani atakayeisema lugha hiyo, ukanijibu bila kucheka kwamba Wazungu wenyewe watakuwa wamekwisha kuiacha. Watakaobaki nayo ni Wasukuma wa Shinyanga, na wataisema kwa lafudhi yetu mpaka ionekane ilizaliwa hapa. Nikacheka mimi. Halafu ukaniambia neno ambalo sikulicheka. Ulisema katika Kijacho hakuna neno la dhahabu, kwa sababu itakuwa imeisha. Lakini ya shimo yapo mengi.

Mwanangu, mimi niliishia darasa la saba, na elimu yangu kubwa ni Biblia na futi ya kupimia mbao. Nilipowaona watoto wawili wamekaa gizani wanasema maneno yasiyo ya mtu yeyote, mmoja akianza sentensi mwenzake anaimaliza, niliogopa. Nikawaita wazee wenzangu wa kanisa waje wawaombee. Wakaomba kwa jasho. Na sisi tuliposema "Amina", ninyi wawili mkasema kwa pamoja, kwa adabu kabisa, "Mee." Mzee mmoja akafungua jicho moja akanitazama. Leo nikikumbuka jicho lile nacheka peke yangu, halafu kicheko kinakatika katikati.

Bibi yako, Mungu amrehemu, hakuogopa. Siku mliyozaliwa alinipa masharti ya pacha: ukimwita mmoja, mwite na mwenzake. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Ukimwambia mmoja neno, jua lisizame mwenzake hajalisikia. Nikayafuata miaka yote, hata nilipokuwa mzee wa kanisa. Nilijisemea kwamba kuwatendea watoto sawa hakuwezi kuwa uganga. Ndiyo maana mlinunuliwa jozi mbili za viatu siku moja hata pale ambapo vya mmoja havijachakaa. Sharti hilo la mwisho nililivunja siku moja tu. Na barua hii inakuja jua likiwa limezama siku nyingi mno.

Sasa twende Rwamgasa. Unapajua, lakini kuna mahali ambapo hukuwapo, au mimi nafikiri hukuwapo.

Tulikwenda baada ya mitihani yenu ya kidato cha nne. Mimi nilikuwa nimeitwa kupiga matimba, kupanga magogo kuzunguka kuta za shimo ili udongo usishuke. Wewe na mama yako mkawapikia wachimbaji. Kulwa akasema atashuka shimoni kwa muda tu, mpaka matokeo yatoke. Jioni mlikuwa mnakwenda kuwasikiliza wale wageni waliokuja kupima miamba, kila mmoja na nchi yake na Kiingereza chake, wanapayukiana kwa sababu hawaelewani. Mlirudi mmeshikana mikono kama mliookota kitu. "Baba," Kulwa akasema, "kimeshaanza!"

Machimbo nayo yana masharti yake, na hayo mimi niliyadharau. Mwanamke hafiki mdomoni mwa shimo. Wanasema dhahabu inakimbia na mlima unakasirika. Nilikuwa nikimtania mwenye shimo letu, Masanja, yule mtu mnene wa kofia ya manyoya.

"Masanja, mlima hauna macho ya kumwona mwanamke."

"Mzee wa kanisa, hayo unayasema ukiwa juu. Siku ukishuka, utauamkia mlima shikamoo."

Siku ile asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Kulwa alikuwa peke yake katika njia ya pembeni, mbele ya pale nilipoishia kupiga matimba. Magogo ya sehemu ile nilikuwa juu, nayakata. Nilisikia ardhi ikipumua, ndivyo ninavyoweza kusema, na watu wakaanza kupanda kamba wakiwa weupe kwa vumbi, na mmoja hakupanda. Udongo ulikuwa umeshuka kati yake na shimo kubwa. Lakini bomba la plastiki tulilokuwa tunapulizia hewa kwa mvukuto lilikuwa limepona, na upande wa pili wa bomba alikuwapo yeye.

Nikapiga magoti nikaita. Akajibu, "Baba, nipo. Mguu umebanwa. Maji yanaingia, yamefika magotini."

Sauti ilikuwa ya kawaida, kama anaomba msumari. Vijana wakashuka na sululu na ndoo. Kila tulipozungumza, kijana wa mvukuto ilibidi aache kupuliza, kwa hiyo kila neno lilikula hewa yake. Nikamwambia anyamaze, wanamjia. Lakini akaita tena.

"Baba, niitie Doto."

Na wewe ulikuwa umeshafika. Ulikuja mbio, unga umekuganda mikononi hadi kwenye viwiko. Masanja akanyoosha mkono mbele yako. Vijana wanaochimba wakasikia kwamba kuna mwanamke, na kutoka ndani ya shimo sauti moja ikapanda: "Binti akisogea, sisi tunatoka! Tunatoka wote!"

Nilimtazama Masanja. Nilitazama kamba, jinsi ilivyoanza kutikisika, kwamba kuna aliyekwisha kuishika. Mimi, niliyekuwa nikisimama Jumapili na kuwaambia watu kwamba mlima umeumbwa na Bwana na hauna hasira. Lakini mikono iliyoshika sululu ilikuwa ya wale vijana, na sikuwa na mikono mingine. Nikakugeukia wewe.

Uliniuliza, "Baba, ananiita?"

Nikasema, "Hapana. Rudi jikoni kwa mama yako."

Ukanitazama, ukageuka ukaenda. Hukubisha. Laiti ungebisha, ng'wanawane, mwanangu. Namwomba Mungu anisamehe hata kwa kutamani hivyo, maana nataka kukutwisha mzigo ambao ni wangu.

Kulwa akaita tena, na safari hii pumzi ilikuwa fupi. "Baba, Doto yuko wapi?" Nikaona atamaliza hewa kwa kuita. Nikaweka mdomo kwenye bomba nikamwambia, "Doto yupo hapa. Haya, sema."

Hilo ndilo ambalo sijamwambia mtu. Hata mama yako hajui.

Akaanza kusema Kijacho. Polepole, vizuri, kama mtu anayelipenda kila neno analolikata. Alisema kidogo, akanyamaza. Nikaelewa kwamba anasubiri ujibu. Bomba liko midomoni mwangu, kijana wa mvukuto ananitazama, na mimi katika lugha yenu nzima nilijua maneno mawili matatu. Nikaifanya sauti yangu kuwa nyembamba, nikasema, "Yee."

Akacheka, Doto. Nakuapia kwa Mungu aliye hai, alicheka kule chini. Sijui kama ni kwa sababu ya alichokuwa amesema, au alinijua. Kila nikifika hapo nasimama. Kama alinijua, kwa nini aliendelea? Na kama hakunijua, basi mwanangu alizungumza na mtu asiyekuwapo, na mtu huyo alikuwa mimi.

Akasema tena, akasubiri, nikasema "Yee." Mara ya mwisho sauti ilipanda mwishoni. Ilikuwa swali, hata mimi niliitambua. Alikuwa ananiuliza jambo. Alikuwa anakuuliza wewe. Nikamsikia anapumua, anasubiri. Kijana wa mvukuto akasema, "Mzee, hewa! Fupisha, hewa!" Nikasema, "Yee." Kulwa akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo, mvukuto ukaanza tena, na baada ya hapo nilipoita hakujibu kwa lugha yoyote.

Walipomfikia jua lilikuwa limeshapinda, na njia yote ya pembeni ilikuwa maji.

Tulipomleta hapa Ngokolo bibi yako alikataza watu kulia kwa sauti, kwa sababu kwetu pacha haliliwi, asije akamvuta mwenzake. Basi nilikaa kimya msibani nikaonekana mtu wa imani kubwa. Watu walikuja wakanipa mkono wakaniambia mzee umejikaza. Kumbe nilikuwa nimefunga mdomo ili maneno yasidondoke. Nilikuwa nayashika yale ya mwisho, moja baada ya jingine, nayarudia ndani kwa ndani kama mtu anayevuka mto na mtoto begani.

Nimeyarudia tangu siku hiyo. Nikimaliza Baba Yetu, nayasema. Nikiwa karakana nayasema, randa ikienda na kurudi. Na hapo ndipo hofu ilipo. Aliniambia mwenyewe kwamba kila mdomo ni randa. Mdomo wangu umeyapitia mara ngapi? Naogopa nimeyakwangua. Huenda ninachokibeba leo si alichosema Kulwa, ni kijukuu chake, na Kulwa akifufuka sasa hivi hataelewana nami.

Miaka hii sikukuuliza kwa sababu kukuuliza maana yake ni kukiri kwamba nilidanganya mara mbili kwa pumzi moja: wewe nilikwambia hakuiti, na yeye nilimwambia upo. Nikajisemea nitakuuliza ukikua. Ukakua. Nikajisemea nitakuuliza siku nitakayokuona umecheka vizuri. Ulipocheka sikutaka kukukatisha. Hivyo ndivyo mtu anavyofikisha mvi, mwanangu, akingoja saa nzuri ya kusema neno baya. Nimejifunza kwamba saa hiyo haina siku yake.

Halafu ikaja ile siku ya kiangazi kilichopita. Nilikuwa natokea karakana na ubao begani, wewe uko nyuma ya nyumba unafua, umenipa mgongo. Nikakusikia. Ulisema maneno ya Kijacho, ukanyamaza, mikono imetulia ndani ya beseni, kama mtu anayesubiri. Halafu ukajijibu. Ulisema "Yee", na hukuisema kwa sauti yako. Uliisema kwa sauti ya mwanamume anayeifanya sauti yake kuwa nyembamba.

Nilisimama pale na ubao wangu mpaka bega likafa ganzi. Ungekuwa wakati ule wa zamani ningekwenda kuwaita wazee waje kuomba. Safari hii nilirudi karakana nikafunga mlango nikakaa juu ya maranda. Kwa sababu nilikumbuka kitu. Kando ya shimo la Masanja lilikuwapo rundo la magogo yangu, yale niliyokuwa nayakata, na mtu akijibanza nyuma yake haonekani. Na mama yako niliwahi kumwuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kupita, kama siku ile ulirudi jikoni moja kwa moja. Akaniambia hakumbuki.

Kesho unaondoka, na mimi sina ushauri mkubwa wa kukupa. Nina huu mmoja nilioununua ghali. Utasimama mbele ya watoto, na siku moja mtoto atakuambia jambo usilolielewa. Usimwitikie ili tu aridhike. Mwambie, "Sijakuelewa, rudia." Hata kama darasa zima linakusubiri, hata kama muda umeisha. Kulwa angerudia. Alikuwa na subira na wajinga, alirithi kwa mama yako. Ningemwambia, "Kulwa, ni mimi baba, Doto wamemzuia, niambie kwa Kiswahili." Pumzi ingetosha. Naamini ingetosha.

Na watoto wakikwangua Kiingereza chako vibaya, wasahihishe, ndiyo kazi utakayoajiriwa. Lakini usiwaitie watu waje kuwaombea.

Sasa nayaandika. Utaniwia radhi. Sijui yanavyoandikwa, nayaandika kama ninavyoyasema baada ya Baba Yetu:

Doo, a no fia. Te Maa no kai. Yu kipi toki, fa tu?

Hapo kwenye "tu" ndipo sauti ilipopanda. Na hapo ndipo niliposema "Yee" kwa jina lako.

Kwa hiyo nakuuliza, Doto. Nilikubali nini? Kuna jambo ambalo ndugu yako alikuomba, na mimi nikamwahidi kwa jina lako bila wewe kujua, na amelala akiamini umekubali. Kama ni deni, nataka nilijue, tulilipe wote wawili, maana mdomo uliokubali ni wangu. Kama ulikuwa nyuma ya magogo na uliyasikia yote, niambie pia, nitalibeba. Na kama ni maneno yenu ya pacha, yasiyonihusu, huna haja ya kunifafanulia. Niandikie "yee" peke yake katikati ya karatasi. Neno hilo nalijua, nitatulia.

Asubuhi nitakubebea sanduku hadi stendi, na sitasema lolote kati ya haya. Usinione mkavu. Karatasi hii itakuwa chini ya nguo zako, ndani ya sweta la Kulwa ambalo mama yako amelipakia akidhani hujaliona.

Mungu akutangulie na akurudishe. Nitakuwa napita posta kila Jumamosi nikitoka kununua misumari. Tafadhali mwanangu, usichelewe kunijibu.

Ni mimi baba yako,
Baba Kulwa na Doto